Risasi Iliyobebeshwa Lawama

Asubuhi ya tarehe 11 Aprili 1986, katika kitongoji cha kusini mwa Miami, jimbo la Florida, makachero wanane wa shirika la upelelezi la Marekani, FBI, walilibana kwa magari yao gari jeusi aina ya Chevrolet Monte Carlo. Ndani yake walikuwamo William Matix na Michael Platt, wanajeshi wa zamani ambao kwa miezi kadhaa walikuwa wakipora benki na magari ya kusafirishia fedha, na kuwapiga watu risasi. Yaliyofuata hayakufika dakika tano. Risasi zaidi ya 100 zilifyatuliwa kwenye mtaa wa makazi. Zilipokoma, majambazi wote wawili walikuwa wamekufa, na makachero wawili pia, Benjamin Grogan na Jerry Dove. Makachero wengine watano walikuwa na majeraha. Katika wale wanane, mmoja tu ndiye aliyetoka mzima.

Kisa hiki husimuliwa karibu kila mahali panapofundishwa matumizi ya bastola nchini Marekani, na wengi huishia kwenye sehemu yake moja: risasi ya milimita 9 iliyosimama kabla ya kufika moyoni. Wakishafika hapo, swali linalobaki ni kaliba ipi, yaani kipenyo kipi cha risasi, ina nguvu zaidi, na safari inaishia dukani. Naomba tukae na kisa hiki kwa muda mrefu kuliko hapo. Funzo lake haliko katika risasi ile peke yake, na anayelikosa huishia kununua silaha isiyomfaa na kuibeba katikati ya watu.

Ilikuwa hivi. Mapema katika mapambano, Platt alipokuwa akijipenyeza nje kupitia dirisha la upande wa abiria, risasi iliyotoka katika bastola ya Dove ilimpiga mkono wa kulia juu ya kiwiko, ikatokea upande wa pili, ikaingia ubavuni na kutoboa pafu. Ikasimama sentimita chache kabla ya moyo. Lilikuwa jeraha la kuua, ila halikuua papo hapo. Platt aliendelea kufyatua bunduki yake aina ya Ruger Mini-14, na ni baada ya kupata jeraha hilo ndipo alipowaua Grogan na Dove. Baadaye damu ya majambazi wote wawili ilipimwa, na haikukutwa na dawa za kulevya. Walikuwa watu wa kawaida kimwili, wakipigana huku damu ikiwatoka.

Msiba mkubwa namna ile huzaa lawama, na lawama hutafuta mahali pa kutua. Ilitua juu ya risasi ya Dove. Ikasemwa kwamba kama ingezama zaidi kidogo tu, Grogan na Dove wangeishi. Huenda ni kweli. Lakini tazama na mengine ya asubuhi ile. Platt alikuwa na bunduki, si bastola. Risasi yake ya .223 hutoka mtutuni kwa kasi ya zaidi ya mita 900 kwa sekunde, na fulana laini za kuzuia risasi hazikuundwa kuihimili. Makachero wengi walikuwa na rivolva, bastola za silinda, ambazo baada ya risasi chache hudai kujazwa upya kwa vidole. Gordon McNeill, mkono wake ukiwa umejeruhiwa, hakuweza kuijaza yake. Magari yalipogongana, Grogan alipoteza miwani yake na kachero mwingine akapoteza bastola. Bastola ya Dove mwenyewe ilipigwa risasi ikaharibika. Silaha nzito zaidi zilikuwa katika magari mengine ya msako, ambayo hayakuwahi kufika. Katika hayo yote, hakuna hata moja linalotibiwa kwa kuongeza milimita moja kwenye kipenyo cha risasi.

Tazama pia jinsi mapambano yalivyomalizika. Kachero Edmundo Mireles alikuwa amevunjwa mkono wa kushoto kwa risasi. Kwa mkono mmoja alifyatua bunduki ya marisau, akaikoki huku ameibana kwa miguu, akafyatua tena, hadi ilipokwisha. Kisha akachomoa rivolva yake, akainuka, akawaendea majambazi waliokuwa wameingia katika gari la makachero wakitaka kutoroka, akawapiga kwa karibu. Rivolva ile ilikuwa na risasi za .38 Special, zilizobuniwa mwishoni mwa karne ya 19 na zenye nguvu ndogo kuliko milimita 9. Mapambano yalikomeshwa na risasi dhaifu kuliko ile iliyolaumiwa, kwa sababu ilifyatuliwa na mtu aliyeutuliza mkono wake katika hali ya kutisha na kuipeleka mahali panapotakiwa.

Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Siyatamki maneno hayo juu ya marehemu wala wenzao. Walisimama na bastola mbele ya bunduki wasikimbie, na Dove alilenga vizuri kuliko wengi wetu tungeweza. Nayatamka juu ya tabia inayozirudia taasisi kubwa na mnunuzi mmoja mmoja: jambo linapoharibika kwa sababu kumi, tunachagua ile inayorekebishika kwa fedha, na tisa tunaziacha zilale.

Tabia hiyo ilikwisha kuonekana zaidi ya miaka 80 kabla ya Miami. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanajeshi wa Marekani waliopigana Ufilipino walilalamika kwamba rivolva zao za .38 Long Colt haziwasimamishi wapiganaji wa Kimoro wanaowajia na mapanga. Mwaka 1904 maofisa wawili, John T. Thompson na daktari wa jeshi Louis La Garde, wakatumwa kufanya majaribio. Walipiga risasi maiti za binadamu na ng'ombe wa machinjioni huko Chicago, kisha wakaandika kwamba bastola ya jeshi isiwe na kaliba iliyo chini ya .45. Maneno hayo yalizaa bastola maarufu ya M1911, iliyokaa viunoni mwa wanajeshi wa Marekani hadi 1985 ilipoanza kupokewa na Beretta ya milimita 9. Lakini ripoti hiyohiyo ilisema na jambo la pili: katika sehemu kubwa ya mwili wa mtu hakuna tumaini kwamba risasi ya bastola itamwangusha papo hapo, kwa hiyo askari wafunzwe kulenga bila kuchoka. Nambari ya .45 ikakumbukwa na kila mtu, ikaimbwa kwa vizazi. Agizo la mazoezi likasahaulika.

FBI haikukaa bure baada ya 1986, na haki yake tuitoe. Mwaka 1987 iliwaita wataalamu wa majeraha huko Quantico, Virginia, na mwaka 1989 ikatoa waraka uliovunja imani nyingi za mitaani. Waraka ulieleza kwamba risasi ya bastola haimrushi mtu nyuma kama tunavyoona katika filamu, na hudhuru kile inachokigusa njiani tu. Ili imsimamishe mtu kwa hakika, haina budi kufika kwenye ubongo, uti wa mgongo, au moyo na mishipa mikubwa ya damu. Na hata moyo ukiharibiwa kabisa, ubongo unabaki na oksijeni ya kumwezesha mtu kupigana kwa sekunde 10 hadi 15. Kwa hiyo kipimo cha kwanza kikawa kina: risasi izame angalau inchi 12, yaani sentimita 30 hivi, katika jelatini maalumu inayofanana na nyama ya mwili, hata ikipitia nguo nzito, mbao, bati au kioo cha gari kwanza. Watengenezaji wa risasi wakalazimika kurudi kwenye meza zao za kazi. Risasi bora za leo ni matunda ya kipimo hicho.

Hata hivyo, pamoja na elimu hiyo nzuri, nambari kubwa bado ilivuta. FBI ilichagua milimita 10, risasi yenye nguvu iliyokuwa imeanza kuuzwa mwaka 1983, na ikaagiza bastola ya Smith & Wesson 1076. Ilikuwa bastola kubwa na nzito, na risasi yake ikijazwa baruti kamili ilirudisha mkono kwa kishindo. Basi baruti ikapunguzwa ili maofisa waweze kuitawala. Hapo mafundi wa Smith & Wesson na Winchester wakaona kwamba, baruti ikiwa kidogo hivyo, ganda refu la milimita 10 limebaki na nafasi tupu ndani. Wakalifupisha kutoka milimita 25 hivi hadi 22 hivi, na Januari 1990 wakaitambulisha risasi mpya, .40 S&W, inayoingia katika bastola yenye umbo la ile ya milimita 9. Polisi wa miji mingi ya Marekani wakaikimbilia. FBI yenyewe ikaipokea mwaka 1997 katika bastola za Glock.

Baada ya miaka kadhaa viwanja vya mafunzo vikaanza kutoa majibu. Bastola yenye umbo lilelile sasa ilikuwa ikibeba risasi inayosukuma kwa nguvu zaidi. Ikachakaa haraka. Wenye mikono midogo na maofisa wapya wakapata shida kufaulu mitihani ya shabaha, na risasi ya pili ikachelewa kufuata ya kwanza. Mwaka 2014 kitengo cha mafunzo cha FBI kikaandika sababu za kurudi kwenye milimita 9: risasi za kisasa za kaliba hiyo zinafikia kina kinachotakiwa sawa na kaliba kubwa, na maofisa wengi huipiga kwa kasi na kwa usahihi zaidi. Mwaka 2016 shirika likatoa mkataba wa bastola za Glock za milimita 9. Jeshi la nchi kavu la Marekani, lilipochagua bastola mpya mwaka 2017, nalo likabaki na milimita 9. Miaka 30 baada ya Miami, kaliba iliyolaumiwa ikawa imerudi kiunoni mwa makachero.

Naona uchungu katika safari hiyo ndefu, kwa kuwa jibu lilikuwapo tangu mwanzo katika hesabu ndogo ambayo kila mnunuzi anaweza kuifanya. Risasi ya kawaida ya milimita 9 ina uzito wa gramu 7.5 hivi na hutoka mtutuni kwa mita 360 kwa sekunde. Ya .45 ina gramu karibu 15, ila hutoka kwa mita 255 hivi. Zidisha nusu ya uzito kwa mraba wa kasi, na nishati ya zote mbili inakaribia jouli 480, tofauti yake haifai kugombaniwa. Kipenyo nacho kinatofautiana kwa milimita mbili na nusu hivi. Lakini zidisha uzito kwa kasi tu, upate msukumo unaourudia mkono wako, na .45 inaizidi milimita 9 kwa zaidi ya theluthi moja. Ya .40 imekaa katikati, ikiwa karibu zaidi na .45. M1911 hubeba risasi 7 kwenye magazini. Glock 17 hubeba 17, na dada yake wa .40 hubeba 15. Anayepanda kaliba hulipa kwa idadi ya risasi, kwa uchovu wa mkono, na kwa bei ya kila sanduku, na anachopata ni tundu lililopanuka kidogo.

Wanaopiga shabaha kama mchezo walilijua hilo zamani, kwa sababu karatasi ya shabaha haina huruma na haisikilizi hadithi. Katika Olimpiki, mashindano ya bastola ya mita 25 hutumia .22 Long Rifle, risasi ya gramu mbili na nusu hivi iliyobuniwa mwaka 1887. Haisukumi mkono, haipigi kelele nyingi, bei yake ni ndogo, na kwa umbali ule inaingia palepale mpigaji alipoilenga. Hata mashindano ya zamani ya Camp Perry, Ohio, ambako mshindani hupiga kwanza .22, kisha kaliba ya kati, kisha .45, yanatoa ushahidi uleule. Wapigaji wengi wa huko hupunguza baruti katika risasi zao za .45 hadi zitoke taratibu na kwa upole. Wanaitaka .45 kwa tundu lake pana linalogusa mstari wa alama, lakini wanaiondolea ukali unaosifiwa madukani. Bingwa haoni haya kuilainisha risasi yake. Anayeanza aone haya ya nini?

Nasema haya kwa ajili ya msomaji anayeishi mahali sheria inaporuhusu, awe Mkongomani wa Texas au Mkenya wa Minnesota, ambaye ameamua baada ya kufikiri sana kwamba atamiliki bastola. Najua wapo watakaomshauri kwa majigambo. Ataambiwa kwamba .45 humwangusha mtu kwa pigo moja, au kwamba .22 ni ya watoto. Asikubali kuanzia hapo. Aanze na .22 kwenye uwanja wa shabaha, chini ya mwalimu, ajifunze kushika, kulenga na kufinya kifyatulio bila kukivuta kwa pupa. Adui mkubwa wa mpigaji ni kushtuka kabla ya mlio: mkono unatarajia kishindo, unainamisha mtutu, na risasi inapiga chini ya pale alipolenga. Tabia hiyo ikishaota mizizi ni kazi ngumu kuing'oa, na kaliba kubwa ndiyo inayoipanda. Walimu wana njia rahisi ya kuifichua. Humchanganyia mwanafunzi risasi bandia katika magazini bila yeye kujua ziko wapi. Akifyatua ya bandia na mtutu ukainama, kila mtu ameona ukweli, na yeye mwenyewe ameuona.

Akiwa tayari kuchagua bastola ya kubeba, asitazame kaliba bila kutazama uzito wa bastola yenyewe. Bastola ndogo ya gramu 500 yenye milimita 9 inaweza kumsumbua kuliko bastola ya chuma ya zaidi ya kilo moja yenye .45, kwa sababu chuma kizito hurudi nyuma polepole zaidi. Wengi hununua bastola nyepesi kwa kuwa ni rahisi kuficha, wakapiga sanduku moja tu, wakaumia kiganja, wakaifungia wasiiguse tena. Hao wana silaha bila ujuzi. Kabla ya kununua, akodi au aazime aina mbili tatu uwanjani, apige risasi tano kwa kila moja kwa kasi anayoiweza, kisha aitazame karatasi. Ile ambayo matundu yake yamekusanyika, na ambayo risasi zake ataweza kuzinunua kila mwezi kwa mazoezi, ndiyo kaliba yake. Kwa watu wengi jibu litakuwa milimita 9, yenye risasi inayopanuka na iliyofaulu kipimo cha sentimita 30. Mwenye mkono dhaifu, mzee au mgonjwa wa viungo, akiteremka hadi .38 iliyo laini au hata .22, asihukumiwe. Jeraha la risasi ndogo iliyofika lina maana. La risasi kubwa iliyokosa halipo.

Waraka ule wa FBI wa mwaka 2014 una jambo moja linalonikosesha raha kuliko yote. Unasema kwamba maofisa wa usalama, watu waliofunzwa na kulipwa kwa kazi hiyo, hukosa asilimia 70 hadi 80 ya risasi wanazofyatua katika mapambano ya kweli. Maana yake ni kwamba katika risasi kumi, saba au nane huenda kwingine. Huingia ukutani, kwenye gari lililoegeshwa, dirishani kwa jirani, au mwilini mwa mpita njia asiyejua lolote. Raia asiyefanya mazoezi asijidanganye kwamba atawashinda maofisa hao. Na kadiri silaha inavyomshinda mkono, ndivyo zinavyoongezeka risasi asizojua zimekwenda wapi.

Hapo ndipo suala la kaliba linapoacha kuwa mazungumzo ya wapenda silaha na kuwa suala la uadilifu. Anayebeba bastola anawajibika kwa kila risasi inayotoka mtutuni, iliyofika na iliyokosa, mbele ya sheria na mbele ya Mungu wake. Hawezi kusema kaliba ilikuwa ndogo, wala hawezi kusema ilikuwa kubwa mno. Thompson na La Garde waliagiza mazoezi mwaka 1904, na Miami ikalipia somo hilo kwa damu mwaka 1986. Basi ewe unayenunua, tenga fedha ya risasi za mazoezi kabla ya kutenga ya bastola. Chagua kaliba itakayoutii mkono wako hata ukiwa unatetemeka. Rudi uwanjani mwezi huu na mwezi ujao. Na ukiona kwamba huna nafasi wala nia ya kufanya hivyo, usibebe bastola ya kaliba yoyote.